Visigino vya Haruna

Kila asubuhi, kabla hajafungua dirisha la kibanda chake, Mwanakombo alianika viatu juani. Alianza na raba za watoto, akaja za wanafunzi, akamalizia na zile kubwa za wanaume ambazo hata ukizifua mara mbili bado zinatunza harufu ya mwenyewe. Alisugua soli kwa mswaki uliochakaa, akaloweka kamba kwenye kopo la sabuni, kisha akazipanga raba juu ya ubao uliolazwa kwenye matofali, jozi kwa jozi, ncha zikitazama barabara ya Gungu, mjini Kigoma. Aliipenda kazi hiyo kwa sababu haikutaka maneno. Viatu havimuulizi mtu kwa nini amenyamaza.

Asubuhi hiyo ya Ijumaa mteja wa kwanza alikuwa Meshack, dereva wa bodaboda wa kijiwe cha ng'ambo ya barabara.

"Mwakeye, fundi," alimsalimu kwa Kiha chake cha asubuhi, akachukua raba zake ubaoni. Akazigeuza huku na huku. Mguu wa kushoto ulikuwa umeshonewa kipande cha ngozi pale mbele palipolika, na juu ya ngozi ile kulikuwa na mistari ya rangi ya chungwa iliyolalia mbele. Wa kulia ulikuwa mweusi mtupu. "Sasa huu mwingine mbona umeuonea? Au rangi iliisha?"

"Mguu wa kulia unafanya nini ukiwa juu ya pikipiki?"

Meshack akafikiri. "Unakanyaga breki."

"Na wa kushoto ndio unaopiga gia. Mwendo wote uko huko. Ndiyo maana nimeilaza mistari. Mstari ukiusimamisha wima, kiatu kinaonekana kimetulia. Ukiulaza, kinaonekana kinakwenda hata kikiwa chini ya kitanda."

"Na breki yangu je?"

"Angalia pembeni ya soli."

Akaangalia, akaiona nukta moja nyekundu, ndogo kama punje ya mtama. Akacheka mpaka wenzake kijiweni wakageuka. "Mwana, hiki kiatu kinanijua kuliko mke wangu. Lakini na wewe kumbe unaongea. Mimi nimeshawaambia wale pale kwamba fundi ni bubu, tusimsumbue."

Mwanakombo akatabasamu, akainamia mswaki wake. Ndivyo alivyokuwa. Habari za viatu angeweza kuzisema hadi adhuhuri. Mazungumzo yakihama kutoka kwenye kiatu yakaja kwake mwenyewe, ulimi ulikauka. Chuoni Dar es Salaam, alikosomea ubunifu, mwalimu wao aliwakataza kuandika hata herufi moja kwenye kazi zao. Kiatu cha mbio, alisema, watu wanakiona kwa mbali, kikiwa kinapita; kama hakikusema jambo lake hapo, ndiyo basi. Wenzake walilalamika. Yeye alihisi kama mtu aliyefunguliwa mlango. Alirudi Kigoma akiwa amejifunza njia ya kusema bila kufumbua mdomo, na tangu hapo hakuwahi kutafuta njia nyingine.

Meshack alipowasha pikipiki akaondoka, Mwanakombo alichukua raba iliyofuata. Hakufika hata nusu ya soli.

"Hodi, dada. Samahani. Hizi nazo unaweza kuzifuta?"

Aliyesimama mbele yake alikuwa msichana aliyevaa baibui, mwenye kikapu cha ukindu mkononi. Alikuwa Nasra, mdogo wake Haruna aliyekuwa mteja wa kibanda, na Mwanakombo aliwahi kumwona mara moja tu sokoni. Lakini hakumtazama sana usoni, kwa maana kilichokuwa kikitoka kikapuni alikijua kabla hakijatoka chote. Raba nyeupe, zimefungwa kamba moja kwa nyingine, na soli ya mguu wa kulia yenye doa la mawese ambalo halikutaka kutoka.

"Kuzifuta?"

"Mama amesema ziwe nyeupe tupu. Kama zilivyotoka kiwandani."

"Zimeharibika?"

"Hazijaharibika." Nasra aliweka kikapu chini. "Jumapili kaka anapelekwa Mwamgongo, kwa Mzee Abdulatif, kujitambulisha kwa ajili ya binti yake. Wazee wamelizungumza tangu marehemu baba yuko hai. Sasa ndizo raba pekee za kutokea alizonazo, na mama anasema mwanawe hataingia kwa watu akiwa na maneno ya msichana mwingine visiginoni."

Mswaki ulimponyoka Mwanakombo ukaangukia kwenye kopo la sabuni. Hakuuokota.

"Maneno gani?"

"Dada Mwanakombo," Nasra alisema, taratibu sana, kama anayemwamsha mgonjwa. "Mama yangu ameuza vitenge tangu usichana wake, Uvira mpaka hapa. Ua likichorwa kwenye kitambaa anajua limechorwa kwa sababu gani. Alizifua hizi raba akazianika juu ya bati, akazigeuza hivi." Alizifungua kamba, akazisimamisha ubaoni kisigino kwa kisigino. "Akakaa akizitazama mpaka maharage yakaungua. Halafu akaniita, akasema, njoo uone, huyu fundi wa Gungu anamwita mwanangu nyumbani."

Na kweli, ndivyo raba zile zilivyosema.

Kwenye kisigino cha kulia kulikuwa na mtumbwi mdogo katikati ya ziwa la kijivu, ziwa la saa ile ambayo mchana umekwisha na usiku haujaanza. Kwenye kisigino cha kushoto kulikuwa na ufuko, na juu yake nyumba ndogo yenye mlango ulioachwa wazi, na ndani ya mlango mwanga wa taa. Kila kimoja peke yake kilikuwa picha ya kawaida ya ziwani. Vikikutana, maji ya kisigino kimoja yaliingia kwenye ufuko wa kingine bila kukatika hata unywele, na ukaona kwamba mtumbwi ule ulikuwa unarudi, na mlango ule ulikuwa umeachwa wazi kwa ajili yake.

Aliifanya kazi ile baada ya msimu wa mvua. Haruna, fundi wa injini za boti kutoka Bangwe, mtaa wa ufukoni, alikuja na raba za mtumba akitaka rangi kwa ajili ya mbio za kutoka Ujiji mpaka stesheni. Mwanakombo alimkalisha kwenye stuli ya wateja akamuuliza maswali yake ya kila siku: viatu hivi vinakwenda wapi, na nani atakuwa nyuma yako? La pili lilikuwa la maana zaidi, kwa sababu kisigino husomwa na anayekufuata. Wengine walitaja wapinzani wao, wengine wakajisifu. Haruna alitazama mikono yake yenye weusi wa oili usiotoka. "Nyuma yangu hakuna mtu," alisema. "Mimi huwa nakimbia peke yangu. Nikimaliza, naenda kukaa kidogo ziwani, halafu narudi nyumbani." Alisema bila kutaka kuhurumiwa. Mwanakombo, aliyekuwa akila chakula cha mchana peke yake nyuma ya dirisha lililofungwa, aliyasikia maneno yale yakishuka ndani yake kama jiwe kwenye maji matulivu.

Akachora. Na alipomkabidhi, Haruna alizigeuza raba, akatazama juu, akatazama pembeni, akasema, "Zimependeza sana, fundi. Asante." Akaondoka. Alirudi mara kadhaa kununua kamba, halafu hata kamba akaacha kununua. Mwanakombo aliamini kwamba amesoma, na kwamba huo ukimya ndio jibu lake.

"Mama alisema nini tena?" Mwanakombo alimuuliza Nasra sasa.

"Unataka nikuambie kweli?"

"Niambie."

Nasra alikunjakunja ncha ya mtandio wake. "Alisema msichana ana mikono mizuri. Hilo alilisema. Halafu akasema, lakini hajawahi kuja hata kunisalimia. Nyumba yetu ni ya watu wanaosema, tunagombana asubuhi, jioni tumepatana. Mkwe anayesema kwa visigino vya watu, siku nikimkosea nitajuaje?"

Lilikuwa kosa la Mwanakombo mwenyewe na limetajwa kwa jina.

"Na kaka yako?" Sauti ilikuwa ndogo mno hata Nasra akalazimika kusogea. "Yeye anasemaje?"

"Kaka? Hasemi kitu. Mama kamwambia Jumapili ni Mwamgongo, kaitika sawa, karudi kwenye injini yake." Nasra alichukua kikapu. Alipiga hatua, akasimama. "Mimi binafsi sina neno na wewe, dada. Ningefurahi. Lakini mimi si mama." Kisha akasema kwamba watazifuata Jumamosi mchana, akavuka barabara.

* * *

Jioni ile nyumbani Ujiji, baada ya swala ya magharibi, Mwanakombo alikaa kwenye mkeka akimenya vitunguu huku shangazi yake akikaanga migebuka. Shangazi Lulu ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Hakuwahi kuolewa, na hakuwa mtu wa kupitwa na jambo.

"Vitunguu hivyo ndivyo vinavyokuliza, au kuna kingine?"

"Ni vitunguu, shangazi."

"Hilo ni la kwanza ulilosema tangu uingie. Asubuhi umeondoka umenyamaza, jioni umerudi umenyamaza. Nimeanza kuzungumza na paka."

Mwanakombo aliendelea kumenya. Barazani, kama ilivyo desturi ya nyumba hiyo, viatu vyao vilikuwa vimepangwa pembeni ya mlango, visigino vikiwa pamoja na ncha zikitazama nje, tayari kwa kuvaliwa. Shangazi aliwapangia hivyo hata wageni, na hakuna mgeni aliyeingia ndani kabla hajavua.

"Shangazi."

"Bee."

"Mwanamke akisema yeye kwanza, inakuwaje?"

Kijiko kilisimama juu ya mafuta. Shangazi hakugeuka. "Kusema nini?"

"Kusema tu. Kwa mtu."

"Mtu wa wapi?"

"Bangwe."

"Bangwe." Shangazi alilipima lile jina kama anayepima chumvi. "Watu wa Kongo wale. Wameleta neno?"

"Hapana."

"Basi hakuna neno. Mwanakombo, sikiliza. Babu yako hakutoka pwani akaja kujenga hapa ili wajukuu wake wakabishe hodi kwenye nyumba za wanaume. Sisi tunakaa. Anayetuhitaji anauliza njia, anakuja."

Mafuta yalichemka. Mwanakombo alitazama mgongo wa shangazi yake, kanga iliyofungwa kifuani, shingo iliyoanza kuinama.

"Na wewe ulikaa, shangazi?"

"Nilikaa."

"Akaja?"

Shangazi Lulu aligeuza samaki mmoja, akageuza wa pili. "Walikuja wengine," alisema. Kisha akaomba vitunguu.

* * *

Jumamosi Mwanakombo hakuanika viatu. Alifungua nusu ya dirisha, akaweka raba za Haruna juu ya meza ya kazi, akamimina asetoni kwenye pamba.

Alianza na mguu wa kulia kwa sababu alijua asipoanza na mtumbwi hataanza kabisa. Rangi nzuri haitoki upesi. Yeye mwenyewe alikuwa ameipaka tabaka baada ya tabaka ili ivumilie vumbi na maji. Ziwa la kijivu lilianza kutoka, likaichafua pamba. Mtumbwi ulikataa kwanza. Alibonyeza, akasugua, akabonyeza tena, na ukalegea, ukawa doa, ukawa kivuli, ukatoweka. Alipitisha rangi nyeupe juu yake. Kisigino kikawa kisafi kama cha kiatu ambacho hakijawahi kuvaliwa na mtu wala kupendwa na mtu.

Hakulia. Alihisi tu baridi ndani, ile baridi ya nyumba baada ya wageni kuondoka. Kijiweni ng'ambo watu walikuwa wanabishana kuhusu mpira na kucheka, na kicheko kile kilimfikia kama kinatoka mji mwingine. Alichukua pamba mpya. Akageuza mguu wa kushoto, nyumba ikawa usoni pake, mlango wazi, taa inawaka.

"Salaam aleikum."

Alisimama ghafla, stuli ikaanguka.

Haruna alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda, ndala miguuni, shati lake la kazi likinuka petroli. Alikuwa amekonda kidogo. Macho yake yalikuwa yaleyale, ya mtu anayesikiliza hata pasipo sauti.

"Waaleikum salaam."

"Nasra kaniambia raba zangu ziko kwako. Nimeambiwa zinafuliwa." Alisogea mezani. Raba zilikuwa zimesimama usawa wa kifua chake, visigino vikimtazama, vile ambavyo mtu aliyezivaa hawezi kuviona. Aliangalia kile cheupe, akaangalia kile chenye nyumba. "Mbona hiki kimefutwa?"

"Si mmesema zifutwe?"

"Nani amesema?"

"Mama yako. Kwa ajili ya kesho."

Haruna alichukua raba ya kulia, akapitisha kidole gumba mahali palipokuwa na rangi. "Hapa palikuwa na mtumbwi. Niliupenda sana ule mtumbwi." Akaiweka chini. "Na hii nyumba. Mimi nilisema, fundi amenichorea Bangwe. Mguu huu mtumbwi, mguu huu nyumba. Mtaa wetu ulivyo."

Mwanakombo alimkazia macho. Kitu fulani kilikuwa kinasogea ndani yake, kitu alichokuwa amekiegemea miezi yote hii kama ukuta.

"Hukuvikutanisha?"

"Kukutanisha nini?"

"Visigino. Ukivua, ukiviweka mlangoni."

"Mlango upi?" Alionekana kweli haelewi. "Kwetu viatu haviwekwi chini, Mwanakombo. Tangu ziwa lipande, ukiacha kiatu mlangoni asubuhi unakikuta kwa jirani. Tunafunga kamba kwa kamba, tunatundika msumarini, kimoja huku, kimoja huku. Ndivyo tulivyozoea."

Basi hakuwa amesoma. Mwanakombo alikaa juu ya debe la rangi kwa sababu stuli ilikuwa bado imelala chini. Alikuwa amemchorea mwanamume wa Ujiji. Kichwani mwake alimwona akifika jioni, akivua viatu barazani, akivipanga visigino pamoja kama afanyavyo kila mtu anayemjua, na pale, akiwa ameinama, akisoma. Haikumpitia akilini hata mara moja kwamba kuna nyumba ambazo hazina baraza. Mama mtu alisoma, binti akasoma, na pengine kila aliyekimbia nyuma yake siku ya mbio alisoma nusunusu. Aliyevaa peke yake ndiye hakusoma.

"Mimi nilidhani umeona," alisema. "Ulisema zimependeza."

"Zilipendeza."

"Halafu ukaacha kuja."

"Nikaacha kuja?" Haruna aliinua stuli akaisimamisha, akaikalia, ile ileile ya wateja. Alicheka kidogo, bila furaha. "Nilikuja kununua kamba mara ngapi? Mtu mwenye miguu miwili. Msumari wetu nyumbani umejaa kamba mpaka Nasra anaanikia nguo. Kila nikija nasema labda leo ataniuliza habari za mbio, labda ataniuliza hata habari za injini. Unanifungia kamba kwenye gazeti, unasema karibu tena. Unaangalia viatu vyangu, huniangalii mimi. Nikasema, huyu ana adabu tu, ananivumilia."

"Nilikuwa naogopa."

"Unaniogopa mimi?"

Alitikisa kichwa. Aliinua mkono kuelekea kwenye rangi zake, kwenye mkebe mdogo wa kijivu. Hiyo ndiyo njia aliyoijua. "Ninaweza kuuchora tena. Mtumbwi. Nipe mpaka jioni tu, nitaurudisha ulivyokuwa, halafu nitakuonyesha ukivikutanisha inakuwaje."

"Picha hiyo ilikuwa inasema nini?"

"Nitakuonyesha."

"Sitaki kuonyeshwa." Alisema kwa upole, lakini hakurudi nyuma. "Kesho asubuhi boti inaondoka kwenda Mwamgongo nami nitakuwa ndani. Sina ubaya na binti wa Mzee Abdulatif, hata simjui vizuri. Nilikubali kwa sababu mama aliniuliza kama kuna mahali pengine moyo wangu unapokwenda, nami nilikuwa na mahali hapo, lakini sikujua kama kuna mtu ananingoja. Nikasema hakuna. Sasa kama kuna kitu, nikisikie leo. Weka brashi chini, Mwanakombo."

Hakujua kwamba ameshaishika. Aliitazama mkononi mwake, nyembamba, yenye manyoya machache, iliyomsemea kila kitu maishani. Akaiweka mezani. Mkono ukabaki mtupu, hakujua auweke wapi, akaubana kwenye magoti.

Barabarani pikipiki ilipita. Kijiweni walikuwa wameshahamia kwenye ubishi mwingine. Alifikiria mafuta yanayochemka na mwanamke anayegeuza samaki bila kugeuka yeye mwenyewe. Walikuja wengine. Alifikiria kuketi kwenye mkeka ule akiwa na shingo ileile.

"Ulisema nyuma yako hakuna mtu," alianza. Haruna hakumsaidia; alingoja tu, mikono juu ya magoti, akimtazama usoni. "Siku ile uliyokuja. Ulisema unakimbia peke yako halafu unakaa ziwani. Mimi nikirudi nyumbani nilikuwa nafikiria hilo. Nikawa nafikiria kwamba na mimi nakaa peke yangu, wewe huko, mimi huku, na barabara ni moja. Hiyo nyumba ni yangu. Si Bangwe. Ni yangu. Na aliyekuwa kwenye mtumbwi ni wewe."

"Endelea."

"Nimemaliza."

"Hujamaliza."

Aliona kwamba kweli hajamaliza. Kulikuwa kumebaki neno moja, lile ambalo hakuna rangi inayoweza kulibeba kwa niaba yake, na kama atalimeza leo litakaa ndani mpaka azeeke nalo. Alisimama. Uso ulikuwa unawaka, masikio yalikuwa yanawaka, na alipofumbua mdomo sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, hata ng'ambo ya barabara ubishi ukakoma.

"Usiende Mwamgongo."

"Kwa nini nisiende?"

"Kwa sababu nakupenda, Haruna. Nakupenda, na nimechoka kukwambia kwa viatu. Na kama mama yako anataka kulisikia kwa mdomo wangu, subiri nifunge dirisha, twende Bangwe sasa hivi nikamwambie."